UZI: Sayari nane za mfumo wa Jua kwa anayeanza kabisa

Mkesha (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Maswali kuhusu sayari yamekuwa yakiulizwa ndani ya nyuzi za mambo mengine, na majibu yanaishia njiani. Nimeona nifungue uzi mmoja uliotulia, tuanze mwanzo kabisa. Huhitaji hesabu wala fizikia. Unahitaji macho yako na subira ya siku kadhaa.

Niseme kwanza kilichonisukuma. Ile picha tunayoijua wote, Jua kubwa pembeni na sayari zimepangwa mstari mmoja kama shanga, iliniweka gizani miaka mingi. Ukubwa si wenyewe, umbali si wenyewe, na kibaya zaidi, sayari zimesimama. Sayari haisimami. Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kwenda. Wagiriki nao waliziita wazururaji. Watu waliozipa majina hayo hawakuwa na darubini. Waliona nyota maelfu zimeshikilia nafasi zao mwaka baada ya mwaka, na katikati yake nukta tano za mwanga zinazohama. Tano hizo unaweza kuziona leo kwa macho matupu kama walivyoziona wao: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Katika uzi huu nitatumia majina haya, kuanzia karibu na Jua: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranus, Neptune. Wengi mnaifahamu Utaridi kwa jina la Zebaki. Ni ile ile.

Ulizeni lolote. Nitaendelea kidogo kidogo.

Kokoto

Mkuu, umenichanganya mapema. Mimi nilikariri hivi: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Sumbula, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Kwangu Utaridi ni ya mwisho kabisa huko kwenye baridi, na Zohali ni ya saba. Wewe Utaridi umeiweka ya kwanza. Ipi ni sahihi?

Mkesha

Nashukuru umeuliza, maana hapa ndipo wengi wanapokwama kabla hata hawajaanza.

Orodha yako imeenea na si wewe peke yako uliyeikariri. Shida yake ni kwamba Sumbula, Sarateni na Kausi kwa asili si sayari. Ni majina ya buruji, yaani yale makundi 12 ya nyota ambayo Jua huonekana kupita mbele yake katika mwaka. Sarateni ni Kaa. Kausi ni Upinde, wengine husema Mshale. Sumbula ni Mashuke. Hayo ni makundi ya nyota za mbali mno, na hayana uhusiano wowote na sayari.

Utaridi, kwa Kiarabu tulikolichukua jina hilo, ni ile iliyo jirani na Jua. Zohali ni ile yenye pete. Uranus iligunduliwa mwaka 1781 na Neptune mwaka 1846, kwa hiyo hazikuwa na jina la kale, si kwa Kiarabu wala kwa Kigiriki. Kwenye orodha yako majina ya kale yamesogezwa ili kuziba nafasi hizo: Zohali imepelekwa kwa Uranus, nafasi yake kapewa Sarateni, na Utaridi imetupwa hadi kwa Pluto.

Sitagombana na mtu kwa jina. Ila unaposoma andiko la Kiswahili juu ya sayari, hakikisha kwanza mwandishi anafuata orodha ipi. Akikuambia Zohali ina pete kubwa, yuko nami. Akisema Zohali ni ya saba, yuko na orodha yako.

Bahari Tulivu

Naweka kambi hapa. Swali: haya ndiyo mambo ya nyota za kuzaliwa? Maana buruji mimi nazijua kwa huko.

Mkesha

Hapana, ndugu. Zamani zilikuwa nyumba moja. Walioandika mienendo ya sayari usiku kwa usiku mara nyingi ndio walioitumia kutabiri. Njia ziliachana baadaye. Unajimu wa utabiri unadai sayari inaamua maisha yako. Falaki, au astronomia, inauliza kitu kiko wapi, kimeumbwa na nini, kinakwendaje, na inakubali kusahihishwa na vipimo. Hapa tuko kwenye falaki tu.

Mkesha

Tuendelee. Kabla ya sayari moja moja, lazima tuivunje ile picha.

Chukua mpira wenye upana wa mita 1. Hilo ni Jua. Kwa kipimo hicho hicho, Utaridi ni chembe ya milimita 3.5, na unatakiwa uiweke mita 42 kutoka kwenye mpira. Zuhura ni ushanga usiotimia milimita 9, mita 78. Dunia ni ushanga wa milimita 9, mita 107. Mwezi wetu ni chembe ya milimita 2.5 iliyo sentimita 28 kutoka kwenye ushanga wa Dunia. Sentimita hizo 28 ndiyo safari ndefu kuliko zote ambazo binadamu amewahi kwenda akakanyaga ardhi nyingine. Mirihi ni milimita 5, mita 164.

Sasa utembee kweli. Mshtarii ina upana wa sentimita 10 na iko mita 560. Zohali, kilomita 1. Uranus, kilomita 2. Neptune, kimpira cha sentimita 3.6, kilomita 3.2. Na nyota ya jirani kabisa baada ya Jua, Proxima Centauri? Zaidi ya kilomita 28,000.

Mimi nilikwenda kwa miguu hadi kwa Mshtarii. Niligeuka nyuma nikautafuta mpira nilioacha, nikauona kama kitu cha kuokotwa kwa ncha za vidole. Na ndivyo Jua lilivyo ukiwa huko: upana wake ni kama sehemu ya tano ya tunavyoliona sisi. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba mfumo wa Jua karibu wote ni utupu, na kwamba baridi ya sayari za nje si fumbo. Moto uko mbali.

Mwanga wenyewe, ambao hakuna kinachoupita kwa mwendo, hutumia dakika 8 na sekunde 20 kutoka kwenye Jua hadi kwetu. Kufika Neptune unahitaji saa 4 na ushei.

Jambo la mwisho hapa: kadiri sayari inavyokuwa mbali na Jua ndivyo inavyokwenda polepole. Utaridi huenda wastani wa kilomita 47 kila sekunde, Dunia kilomita 30, Neptune 5.4. Sayari ya mbali njia yake ni ndefu zaidi na mwendo wake ni mdogo, kwa hiyo mwaka wake unarefuka kwa sababu mbili. Utaridi hulizunguka Jua kwa siku 88. Neptune huchukua karibu miaka 165.

Fundi Saa

Hiyo ya mpira wa mita moja nitaifanya na watoto wikiendi hii. Nauliza: sayari yenyewe inajizungusha pia, sivyo? Sasa siku ya Utaridi ina urefu gani?

Mkesha

Umeingia pazuri. Utaridi hujizungusha mara moja kwa siku zetu 59 hivi, na hulizunguka Jua kwa siku 88. Mizunguko hiyo imefungamana: kila inapolizunguka Jua mara mbili, yenyewe imejizungusha mara tatu kamili. Ukiwa umesimama juu yake, kutoka adhuhuri moja hadi adhuhuri inayofuata ni siku 176. Yaani siku moja ya huko ni sawa na miaka miwili ya huko huko.

Kwa kuwa mchana ni mrefu na hewa hakuna, mawe hupata moto hadi nyuzi 430 za Selsiasi. Usiku hushuka hadi nyuzi 170 na zaidi chini ya sifuri. Na bado, ndani ya mashimo ya ncha zake ambako jua haliingii kamwe, kuna barafu. Chombo MESSENGER kiliizunguka sayari hiyo kuanzia 2011 hadi 2015 na ushahidi wake uliungana na ule uliokuwa umeonekana kwa rada kutoka Duniani. Barafu kwenye sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Nilisoma mara mbili nikiamini nimekosea.

Bahari Tulivu

Basi Utaridi ndiyo yenye joto kuliko zote.

Mkesha

Ndivyo akili inavyotuambia, na sivyo. Yenye joto kuliko zote ni Zuhura, ya pili.

Niombe ruhusa nikae hapa kidogo, maana Zuhura ndiyo sayari ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayonitisha kuliko zote. Kwa ukubwa ni kama pacha wa Dunia: upana wa Dunia ni kilomita 12,756, wa Zuhura 12,104. Lakini hewa yake ni nzito mno, zaidi ya asilimia 96 ikiwa kaboni dioksaidi. Mwanga wa Jua unaopenya huipasha ardhi moto, ardhi hutoa joto, na gesi ile inalizuia joto lisitoroke. Matokeo yake ni nyuzi 465 hivi, mchana na usiku, ncha na ikweta. Risasi, ile metali, inayeyuka kabla ya kufika hapo. Utaridi haina blanketi, ikipokea moto inaupoteza usiku. Zuhura imejifunika gubigubi na haijifunui.

Kisha kuna mgandamizo. Hewa ya huko inakubana mara 90 na zaidi kuliko ya hapa, kama umezama karibu mita 900 chini ya bahari. Mawingu yake ni ya asidi ya salfa. Wasovieti walipeleka vyombo vingi huko; Venera 7 mwaka 1970 ndicho chombo cha kwanza kutuma taarifa kutoka kwenye ardhi ya sayari nyingine. Venera 13 mwaka 1982 ilidumu dakika 127 na ikatuma picha za rangi za mawe bapa chini ya anga la rangi ya chungwa. Zitafuteni picha hizo. Dakika 127, kisha kimya.

Tena inajizungusha kinyume na Dunia, polepole kabisa: siku 243 kwa mzunguko mmoja, wakati mwaka wake ni siku 225.

Na hiyo ndiyo nuru nzuri kuliko zote angani baada ya Jua na Mwezi. Inaonekana ama magharibi baada ya jua kuzama, ama mashariki kabla halijachomoza, na zamani watu wengi walidhani ni nyota mbili. Haiwezi kuonekana katikati ya usiku, kwa sababu njia yake iko ndani ya njia yetu na haliachi Jua mbali. Mwaka 1610 Galileo aliitazama kwa darubini yake akaona inapungua na kujaa kama mwezi. Umbo lile lingewezekana tu kama Zuhura inalizunguka Jua. Ulikuwa ushahidi mzito dhidi ya waliosema kila kitu kinaizunguka Dunia.

Kokoto

Mkuu, hapo kwa Venera nimesimama nikafikiri. Dakika 127. Tuende Mirihi.

Mkesha

Dunia nairuka, tunaishi humo. Niseme moja tu: kati ya nane, ni hapa pekee tunapojua maji yamekaa wazi juu ya ardhi kama bahari, na ni hapa pekee tunapojua pana uhai.

Mirihi ni nyekundu kwa sababu ya kutu. Vumbi lake limejaa chuma kilichoshikana na oksijeni. Upana wake ni kama nusu ya Dunia, siku yake inazidi ya kwetu kwa dakika 40 hivi, mwaka wake ni siku 687. Hewa ipo lakini nyembamba, mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya wa kwetu. Maji ukiyamwaga huko hayatulii. Yataganda au kuchemka na kupotea.

Lakini zamani yalitulia. Kuna mabonde yaliyochongwa na mito, kuna delta. Kitembezi Perseverance kilitua Februari 2021 ndani ya kreta (shimo kubwa la duara) ya Jezero kwa sababu hiyo hiyo: palikuwa ziwa, na mto uliacha matope yake mlangoni. Kilibeba helikopta ndogo, Ingenuity, iliyotarajiwa kuruka mara tano. Iliruka mara 72, hadi Januari 2024. Kaka yake, Curiosity, yuko kreta ya Gale tangu Agosti 2012.

Mlima Olympus Mons una kimo cha kilomita 22 hivi, zaidi ya mara mbili ya Everest. Ni volkano. Bonde la Valles Marineris lina urefu wa karibu kilomita 4,000. Miezi yake miwili, Phobos na Deimos, ni midogo na haina hata umbo la duara. Aliyeigundua ni Asaph Hall, mwaka 1877.

Fundi Saa

Nimewahi kusikia Mirihi hurudi nyuma angani. Ni kweli au maneno ya watu?

Mkesha

Ni kweli kwa macho, si kweli kwa mwendo. Fikiria umepanda gari la kasi na mbele yako kuna gari la polepole, mnaelekea upande mmoja. Unapolipita, ukilitazama dhidi ya milima ya mbali, linaonekana kama linarudi nyuma. Halijarudi, umelipita. Dunia huipita Mirihi hivyo kila baada ya miezi 26 hivi, na kwa wiki kadhaa Mirihi huonekana kugeuza njia mbele ya nyota. Kipindi hicho ndipo inapokuwa karibu nasi na kung'aa sana. Kinachofuata ni Februari 2027.

Jambo hilo liliwasumbua wenye elimu kwa karne nyingi. Walichora duara juu ya duara ili kulieleza, kwa sababu walishikilia kwamba Dunia imesimama. Johannes Kepler, akitumia vipimo vya Tycho Brahe vya Mirihi hii hii, alionyesha mwaka 1609 kwamba njia za sayari si duara kamili, ni duaradufu.

Bahari Tulivu

Mshtarii sasa. Ni kweli Dunia zinaingia 1,000 ndani yake?

Mkesha

Zaidi ya 1,300 kwa ujazo. Kwa uzito ni mara 318 ya Dunia. Ukizichukua sayari nyingine zote saba ukaziweka kwenye mzani, Mshtarii inazizidi mara 2.5 peke yake. Na dude hilo lote hujizungusha kwa saa zisizotimia 10, ndiyo maana limetanuka katikati na mawingu yake yamevutwa kuwa mistari.

Doa Kubwa Jekundu ni dhoruba iliyo pana kuliko Dunia. Limefuatiliwa bila kukatika tangu karne ya 19, na kwa miongo hii linazidi kusinyaa.

Ila mimi kinachonivuta ni miezi yake. Januari 1610 Galileo aliona nyota ndogo pembeni ya Mshtarii, kwanza tatu, kisha nne, kila usiku zimebadilisha mahali. Io, Europa, Ganymede, Callisto. Ganymede ni mkubwa kuliko sayari ya Utaridi. Io una volkano nyingi zinazowaka kuliko mahali popote tunapopajua. Europa umefunikwa barafu, na chini ya barafu kuna kila dalili ya bahari ya maji ya chumvi, maji mengi kuliko ya bahari zetu zote. Chombo Europa Clipper kilirushwa Oktoba 2024, kinatarajiwa kufika 2030.

Kokoto

Mtu akishuka Mshtarii atasimama juu ya nini?

Mkesha

Hakuna pa kusimama. Ni haidrojeni na heli. Utashuka kwenye mawingu, gesi itazidi kuwa nzito, joto litapanda, na taratibu gesi itakuwa kimiminika bila wewe kuona mpaka. Kipimo kilichoachiwa na chombo kilichopewa jina la Galileo kiliingia humo Desemba 1995. Kilituma taarifa kwa karibu saa moja kabla ya kuzidiwa.

Zohali ni ya ukoo huo huo. Ni nyepesi kwa ukubwa wake, wastani wake ni mwepesi kuliko maji. Pete zake zimetanda upana wa kilomita 270,000 na zaidi, lakini unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu. Ni vipande vya barafu, kutoka chembe hadi ukubwa wa nyumba, kila kimoja kikizunguka kama mwezi mdogo. Kwa macho matupu huzioni, unaona nukta ya njano iliyotulia. Kwa darubini ndogo ya kukuza mara 30 hivi unaziona. Sijui mtu aliyeziona kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Miezi yake iliyothibitishwa imepita 270. Mmoja, Titan, una hewa nzito kuliko yetu, na mito na maziwa, lakini ya methani. Kipimo Huygens kilitua hapo tarehe 14 Januari 2005. Chombo mama, Cassini, kiliizunguka Zohali miaka 13, kikapita ndani ya mvuke unaoruka kutoka mwezi mdogo Enceladus, kikaelekezwa kuungua ndani ya Zohali Septemba 2017 ili kisije kikaangukia na kuchafua miezi hiyo.

Fundi Saa

Zimebaki mbili za nje. Hizi naona huwa zinasahaulika.

Mkesha

Zinasahaulika kwa kuwa zimetembelewa mara moja tu. Voyager 2 ilipita Uranus Januari 1986 na Neptune Agosti 1989. Hakuna chombo kingine kilichofika hadi leo.

Uranus iligunduliwa na William Herschel, mwanamuziki aliyejitengenezea darubini, tarehe 13 Machi 1781. Mwanzo alidhani ni nyota yenye mkia, yaani kometi. Sayari hii imelala ubavu: inajizungusha kama gurudumu linalobiringika kwenye njia yake. Mwaka wake ni miaka yetu 84, kwa hiyo kila ncha hukaa miaka 42 kwenye mwanga na miaka 42 gizani.

Neptune ilipatikana kwa kalamu kwanza. Uranus ilikuwa haifuati hesabu, inakwenda kidogo nje ya mahali ilipotakiwa kuwa, kana kwamba kuna kitu kinaivuta. Urbain Le Verrier wa Ufaransa alikokotoa kitu hicho kinapaswa kuwa wapi, akaandika barua kwa Johann Galle mjini Berlin. Galle aliipata barua tarehe 23 Septemba 1846 na usiku ule ule akaiona sayari, chini ya nyuzi 1 kutoka mahali palipotajwa. Huko Uingereza John Couch Adams naye alikuwa akiifanya hesabu hiyo. Tangu usiku ule Neptune ilikamilisha mzunguko wake wa kwanza mwaka 2011. Mzunguko mmoja.

Upepo wake huvuma zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa, kwenye sayari inayopata mwanga mdogo mara 900 kuliko tunaoupata sisi.

Kokoto

Na Pluto? Mimi sijakubali.

Mkesha

Naelewa maumivu yako, nami nilikua nayo kama ya tisa. Clyde Tombaugh aliigundua Februari 1930. Lakini upana wake ni kilomita 2,377, mdogo kuliko Mwezi wetu, na kuanzia miaka ya 1990 zilianza kuonekana nyingine za aina yake kule nje. Mwaka 2005 ikatangazwa Eris, yenye ukubwa unaokaribiana nayo. Hapo ilibidi ama tuwe na sayari kumi na zaidi, ama tuweke mpaka. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana Prague, na tarehe 24 Agosti 2006 ukaamua: sayari ilizunguke Jua, iwe na uzito wa kutosha kujifanya duara, na iwe imesafisha njia yake, yaani isiwe inachangia njia hiyo na vitu vingine vya ukubwa kama wake. Pluto ilikwama kwenye sharti la tatu. Ikaitwa sayari kibete, pamoja na Eris na Ceres.

Ceres nayo iliitwa sayari ilipogunduliwa tarehe 1 Januari 1801, kisha ikaondolewa zilipoonekana nyingine nyingi kati ya Mirihi na Mshtarii. Kwa hiyo si Pluto ya kwanza kupitia haya. Na haikupungua kitu: chombo New Horizons kilipopita Julai 2015 kilituonyesha milima ya barafu ya maji na uwanda wa naitrojeni iliyoganda, ulio sehemu ya eneo lenye umbo la moyo.

Mkesha

Sasa toka nje.

Sayari hazitawanyiki angani ovyo. Zote zinafuata njia ile ile ya Jua na Mwezi, kwa sababu mizunguko yao imelala karibu bapa moja. Angalia Mwezi unapopita, tafuta hapo hapo. Ukiona nukta angavu isiyopepesa, ni dalili ya sayari; nyota hupepesa kwa kuwa ni mbali mno na mwanga wake unatikiswa na hewa, sayari ina uso kidogo na hutulia. Zuhura na Mshtarii ni nyeupe kali, Mirihi inaelekea wekundu, Zohali njano hafifu. Utaridi ni ngumu, iko chini kwenye mapambazuko au machweo. Programu ya simu kama Stellarium itakuambia ipi iko wapi.

Chora. Chukua karatasi, weka nukta ya sayari na nyota tatu nne zilizo jirani. Rudia baada ya wiki. Onyo moja zito: usielekeze darubini yoyote kwenye Jua, hata likiwa linazama. Jicho linaharibika papo hapo na halirudi.

Bahari Tulivu

Nimerudi. Nilipata darubini ya macho mawili ya kuazima, nikaegemea ukuta ili mikono isitetemeke, nikaielekeza kwenye ile nyeupe ambayo simu ilisema ni Mshtarii. Kuna nukta ndogo pembeni yake! Mbili kushoto, moja kulia, karibu mstari mmoja. Nimechora usiku wa jana na wa leo, zimehama. Ile ya kulia jana ilikuwa mbali, leo imesogea ndani. Lakini ulisema nne, mimi naona tatu siku zote mbili. Nimekosea wapi?

Mkesha

Hujakosea popote. Galileo naye usiku wa kwanza aliona tatu. Mmoja wao anaweza kuwa nyuma ya Mshtarii, au mbele yake umemezwa na mwanga, au miwili imekaribiana mno ukaiona kama mmoja. Io huzunguka kwa saa 42 na nusu tu, kwa hiyo hauwezi kujificha muda mrefu. Chora tena kesho saa ile ile, kisha kaa saa mbili uchore mara ya pili usiku huo huo. Uweke michoro yote hapa, na kila nukta tutaipa jina lake.